Mtoto haondoki kazini kwa amri pekee

Mwaka 1992 seneta wa Marekani, Tom Harkin, aliwasilisha muswada wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto zisiingie nchini mwake. Muswada ule haukuwahi kuwa sheria. Lakini huko Bangladesh, ambako viwanda vya nguo vilitegemea sana wanunuzi wa Marekani, habari zake peke yake zilitosha kuzua taharuki. Wenye viwanda waliogopa kupoteza soko, na katika mwaka uliofuata makumi ya maelfu ya watoto, wengi wao wasichana, waliachishwa kazi. UNICEF, Shirika la Kazi Duniani (ILO) na mashirika ya hapo nchini walipowafuatilia baadhi yao, hawakuwakuta darasani. Waliwakuta wakiponda kokoto, wakihangaika na vibarua vya mitaani, na wengine wameingizwa kwenye biashara ya ngono. Kazi walizoangukia zilikuwa mbaya kuliko ile waliyoondolewa.

Nia njema ilikuwepo. Kilichokosekana ni jibu la maswali mawili: mtoto huyu kesho asubuhi aende wapi, na ule mshahara aliokuwa akipeleka nyumbani utazibwa na nini? Jibu lilianza kupatikana Julai 1995, pale chama cha wenye viwanda vya nguo, ILO na UNICEF walipotia saini makubaliano. Walikubaliana kwamba hakuna mtoto atakayeondolewa kiwandani kabla nafasi ya shule haijaandaliwa, na kwamba akiingia shule atapata posho ya kila mwezi kufidia sehemu ya kipato kilichopotea. Nafasi yake ya kazi, inapowezekana, ipewe mtu mzima wa familia yake. Kisha wakaguzi wapite kuhakikisha.

Nafasi ya shule, kipato cha kuziba pengo, na mtu wa kufuatilia. Ukivichukua vitu hivi kimoja kimoja, kila kimoja kina namna yake ya kushindwa, na namna hizo sasa zinajulikana vizuri. Inafaa kuzielewa, kwa sababu miradi mingi bado hutoa kimoja tu na kushangaa mtoto anaporudi shambani.

Kazi ipi hasa?

Wapo wanaosikia habari za kupinga utumikishwaji wa watoto wakadhani wanaambiwa mtoto asifagie uwanja wala asimsaidie mama yake kuchota maji. Samaki mkunje angali mbichi, husema, na mtoto asiyefundishwa kazi atakuwa mzigo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na mikataba ya kimataifa inauheshimu. Mkataba wa ILO namba 138 wa mwaka 1973 unataka umri wa chini wa kuajiriwa usiwe chini ya ule wa kumaliza elimu ya lazima, na kwa vyovyote usiwe chini ya miaka 15. Nchi ambayo uchumi wake haujakomaa inaweza kuanzia miaka 14. Kazi nyepesi zisizoathiri masomo zinaruhusiwa kuanzia miaka 13, au 12 kwa nchi hizo. Kazi hatarishi haziruhusiwi kabla ya miaka 18.

Mkataba namba 182 wa mwaka 1999 uliongeza kundi lisilo na mjadala: utumwa, usafirishaji haramu, kulazimishwa kwenda vitani, ngono, biashara ya dawa za kulevya, pamoja na kazi zozote zinazoweza kuharibu afya, usalama au maadili ya mtoto. Agosti 2020 Tonga iliuridhia, na kwa hatua hiyo ukawa mkataba wa kwanza katika historia ya ILO kuridhiwa na wanachama wote, nchi 187.

Kinachopimwa, basi, ni umri, saa na hatari. Katika makadirio ya dunia, mtoto mwenye miaka 5 hadi 11 huhesabiwa kuwa anatumikishwa hata akifanya saa moja tu kwa wiki ya kazi ya uzalishaji. Mwenye miaka 12 hadi 14 huhesabiwa akifikisha saa 14. Kazi za nyumbani nazo zina kikomo: saa 21 kwa wiki kwa mtoto wa chini ya miaka 15. Kikomo hiki cha mwisho hupuuzwa sana, na wanaoumia ni wasichana, kwa kuwa kulea wadogo, kupika na kuchota maji hakuonekani kama kazi machoni pa wengi, hata kunapomla mtoto siku nzima.

Hatari nayo ina sura ambazo mgeni hazioni haraka. Mtoto anayechuma majani mabichi ya tumbaku yenye umande hufyonza nikotini kupitia ngozi, akapata kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika bila kuvuta hata sigara moja. Kwenye machimbo madogo ya dhahabu watoto huchanganya zebaki kwa mikono na kuvuta mvuke wake inapochomwa, na zebaki hushambulia ubongo ambao bado unakua. Mwili wa mtoto huvuta hewa nyingi zaidi kuliko wa mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo vumbi na dawa za mimea humwingia kwa kiwango kikubwa zaidi.

Kwa makadirio ya ILO na UNICEF, mwaka 2024 watoto milioni 138 walikuwa wakitumikishwa, na milioni 54 kati yao walikuwa kwenye kazi hatarishi. Mwaka 2000 walikuwa takribani milioni 246, kwa hiyo hatua kubwa imepigwa, hasa tukikumbuka kwamba mwaka 2020 idadi ilikuwa imepanda hadi milioni 160. Lakini dunia ilikuwa imeahidi kulimaliza tatizo hili ifikapo 2025, na ahadi hiyo haikutimia. Karibu theluthi mbili ya watoto hao, milioni 87, wako Afrika kusini mwa Sahara.

Taarifa moja kati ya hizi hubadilisha namna ya kulifikiria jambo lote. Asilimia 61 ya watoto hao wako kwenye kilimo, ufugaji, uvuvi na misitu, na makadirio ya 2020 yalionyesha kwamba zaidi ya theluthi mbili hufanya kazi ndani ya familia zao wenyewe. Picha ya tajiri katili kwenye kiwanda chenye giza ipo, na inastahili hasira yetu. Ila mtoto wa kawaida anayetumikishwa yuko shambani na baba yake. Mkaguzi wa kazi hafiki huko, na hata akifika, hakuna mkataba wa ajira wa kuukagua.

Hesabu inayopigwa nyumbani

Kama ni wazazi wenyewe, je, wazazi hawa hawawapendi watoto wao? Mwaka 1998 wanauchumi Kaushik Basu na Pham Hoang Van walijenga hoja yao juu ya dhana iliyo kinyume na hiyo: familia humpeleka mtoto kazini pale tu kipato cha watu wazima kinapokuwa hakitoshi kuishi, na kikitosha, humtoa. Ushahidi uliokuja baadaye umewaunga mkono kwa sehemu kubwa.

Tazama Vietnam. Katika miaka ya 1990 serikali ililegeza vizuizi vya kuuza mchele nje na bei yake ikapanda. Mtu angeweza kutarajia wakulima wawavute watoto wao shambani kwa wingi zaidi, maana kila saa ya kazi ilikuwa na thamani kubwa kuliko jana. Kinyume chake, utumikishwaji wa watoto ulipungua. Familia zilizopata nafuu zilitumia nafuu hiyo kuwapunguzia watoto mzigo.

Kisa cha Afrika Kusini kinafundisha zaidi. Wazee wa huko hupata pensheni ya serikali wakifikia umri fulani, na familia inajua kabisa tarehe itakapoanza. Mwanauchumi Eric Edmonds alilinganisha kaya ambazo mzee wao alikuwa amekaribia kupata pensheni na zile ambazo mzee wao alikuwa ameanza kuipata. Pensheni ilipoingia, hasa ya babu, saa za kazi za watoto zilishuka na masomo yakapanda. Fikiria maana yake. Fedha ile haikuwa ya kushtukiza, familia iliijua miaka kabla. Ingekuwa na mahali pa kukopa kidogo kwa kutegemea pensheni hiyo, mtoto angekuwa shuleni tayari. Lakini familia maskini haina pa kukopa, kwa hiyo kinachokopwa ni miaka ya mtoto.

Mkoani Kagera, Tanzania, watafiti waliofuatilia kaya kati ya 1991 na 1994 waliona jambo la jamii hiyo hiyo: mavuno yalipoharibika, saa za kazi za watoto ziliongezeka, na kaya zenye mali ya kuuza au kuweka rehani ziliweza kuukinga mshtuko huo. Umaskini wa kudumu na pigo la ghafla ni matatizo mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti. Kuna mtoto ambaye angebaki darasani kama familia yake ingepata msaada kwa miezi mitatu tu ya ukame au ya ugonjwa wa mama. Msaada usipokuja anaacha shule, na akishaacha ni vigumu sana kumrudisha.

Upande wa pili wa hesabu ni gharama ya shule yenyewe. Ada, sare, madaftari, michango, nauli. Nchi za Afrika Mashariki na Kusini zilipofuta ada za shule za msingi, matokeo yalionekana siku za kwanza kabisa za muhula. Malawi ilifuta mwaka 1994, Uganda 1997, Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya 2003. Uganda iliruka kutoka wanafunzi milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Kenya ilipokea zaidi ya watoto milioni moja wapya. Watoto hao hawakuzaliwa mwaka ule. Walikuwepo, na wengi wao walikuwa wakifanya kazi au wamekaa tu nyumbani kwa sababu mlango ulikuwa na bei.

Kuandikishwa ni nusu ya safari

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na ndipo napenda tukae kidogo.

Watoto wengi wanaotumikishwa tayari wameandikishwa shule. Mwaka 2020 zaidi ya robo ya wale wenye miaka 5 hadi 11 na zaidi ya theluthi moja ya wale wenye miaka 12 hadi 14 walikuwa nje ya shule. Maana yake ni kwamba waliobaki, walio wengi, walikuwa na daftari na jembe kwa wakati mmoja. Wanaamka alfajiri kufanya kazi, wanafika darasani wakiwa wamechoka, wanasinzia, wanakosa siku mbili kwa wiki msimu wa mavuno, wanafeli, kisha tunasema hawana akili ya shule.

Bangladesh iliwahi kuwa na mpango wa kuzipa nafaka familia maskini zilizopeleka watoto shule za msingi. Martin Ravallion na Quentin Wodon waliupima. Mahudhurio yalipanda sana, lakini kupungua kwa kazi za watoto kulieleza takribani robo tu ya ongezeko hilo kwa wavulana, na sehemu moja kati ya nane kwa wasichana. Muda mwingine ulitoka kwenye mapumziko na michezo. Shule ilikuwa imeongezwa juu ya kazi, na mtoto amebeba vyote viwili. Sisemi mpango ule ulikuwa mbaya. Kusoma ukiwa umechoka ni bora kuliko kutosoma kabisa. Nasema kwamba anayehesabu waliojiandikisha peke yake hajui kama amemwondolea mtoto mzigo au amemwongezea.

Brazil ilitafuta jibu kwa kuzishika saa zenyewe. Mwaka 1996, kwenye matanuri ya mkaa ya jimbo la Mato Grosso do Sul, ilianza mpango uliojulikana kwa kifupi kama PETI. Familia ililipwa posho, lakini sharti lilikuwa mtoto ahudhurie masomo ya kawaida na pia vipindi vya ziada baada ya masomo: michezo, sanaa, msaada wa mazoezi ya darasani, chakula. Shule za huko zilikuwa za nusu siku, na nusu siku iliyobaki ndiyo iliyokuwa ikiliwa na tanuri. Ukiijaza kwa kitu chenye maana, tanuri linakosa nafasi. Kwa maoni yangu hili ni miongoni mwa mawazo bora kabisa yaliyowahi kujaribiwa katika eneo hili, na linashangaza kwa jinsi linavyoigwa mara chache.

Kisha kuna mtoto aliyechelewa. Mtoto wa miaka 11 ambaye hajawahi kushika kalamu hawezi kuketi darasa la kwanza na watoto wa miaka 6. Ataona aibu, atachekwa, ataondoka. Huko Andhra Pradesh, India, taasisi ya M. Venkatarangaiya Foundation ikiongozwa na Profesa Shantha Sinha ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuendesha kambi za mpito: watoto waliotoka kwenye kazi za shambani, wengine wakiwa wamefungwa na madeni ya wazazi, walikaa pamoja kwa miezi kadhaa wakifundishwa kusoma na kuandika kwa kasi, kisha wakaingizwa shule ya serikali kwenye darasa linalolingana na umri wao. Taasisi hiyo ilishika msimamo mmoja mkali, kwamba kila mtoto aliye nje ya shule ahesabiwe kuwa anatumikishwa. Msimamo huo ulipunguza mabishano ya kazi ipi ni nyepesi na ipi ni nzito, na ukamfanya binti anayebaki nyumbani kulea wadogo zake ahesabiwe sawa na kaka yake anayechunga mifugo ya tajiri. Mwaka 2003 Profesa Sinha alitunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay kwa kazi hiyo.

Nimesoma mengi yanayosifu kambi zile kwa mbinu za kufundishia. Naamini siri yake ilikuwa kwingine. Vijana wa vijijini, baadhi yao wakiwa wa kwanza kusoma katika familia zao, walipita nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazazi, na pia na matajiri waliowaajiri watoto, na hata na walimu waliokuwa wakiwakataa watoto waliochelewa. Kijiji kizima kilikuwa kinabadili mawazo kuhusu jambo la kawaida. Kukishakuwa na watoto wengi darasani, mzazi anayembakiza wake shambani anaanza kujieleza, na hapo awali aliyejieleza alikuwa yule anayempeleka shule.

Na tusiisahau shule yenyewe. Mzazi anayeona mtoto amemaliza miaka minne bila kuweza kusoma aya moja hafanyi ujinga akiuliza faida iko wapi. Mwalimu asiyefika, viboko vya kila siku, shule iliyo mwendo wa saa mbili kwa miguu, vyoo ambavyo msichana aliyevunja ungo hawezi kuvitumia: kila kimoja kinamsukuma mtoto kazini kimya kimya. Shule zilipofurika baada ya ada kufutwa, nyingi hazikuongezewa walimu kwa kasi ile ile, na sehemu ya waliojaa madarasani Januari walikuwa wamepungua kabla ya mwaka kuisha.

Fedha zinazosaidia, na fedha zinazoongeza kazi

Mexico ilianzisha mwaka 1997 mpango wa Progresa. Fedha ilikabidhiwa mama, sharti mtoto ahudhurie angalau asilimia 85 ya siku za masomo. Kiasi kilipanda kadiri mtoto alivyopanda darasa, na kwa shule ya sekondari msichana alilipwa zaidi ya mvulana. Mpangilio huo haukuwa wa kubahatisha. Mtoto wa miaka 13 ana nguvu ya kulipwa kuliko wa miaka 8, kwa hiyo pengo analoacha nyumbani ni kubwa zaidi, na umri huo ndio ambao wasichana walikuwa wakiacha shule kwa wingi. Tathmini zilionyesha mahudhurio ya sekondari yakipanda na kazi za watoto zikipungua.

Ufilipino iliiga wazo hilo, na huko likaja funzo la upande wa pili. Posho ilikuwa ndogo kuliko gharama halisi ya kusoma. Watafiti waligundua kwamba watoto waliopata posho walisoma zaidi, na wakati huo huo walifanya zaidi kazi za malipo. Ruzuku iliwafungulia mlango wa shule bila kumaliza bili, nao wakaenda kuitafuta tofauti kwa mikono yao.

Linalohitaji tahadhari zaidi ni misaada ya mitaji, kwa sababu ndiyo inayopendwa na vikundi vya jamii na wafadhili: mpe mama cherehani, mpe mifugo, mpe mkopo wa kufungua genge, familia ijitegemee. Huko huko Ufilipino serikali iliwahi kuzipa familia zenye watoto wanaotumikishwa vifaa vya kuanzishia biashara ndogo. Tathmini ilionyesha utumikishwaji ukiongezeka. Biashara mpya inahitaji mikono, na familia haina fedha za kuajiri. Nchini Tanzania, tathmini ya uhawilishaji fedha kwa kaya maskini kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ilionyesha watoto wakihama kutoka vibarua vya kulipwa nje ya nyumba kwenda kuchunga mifugo ya familia. Ni nafuu, maana kibarua cha nje mara nyingi kina hatari zaidi. Lakini mtoto hajapumzika.

Hakuna sababu ya kuacha mitaji. Kuna sababu ya kuuliza, kabla cherehani haijatoka stoo, ni nani atakayekaa dukani saa za masomo. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kuweka kwenye kanuni zake kwamba mwanachama anayechukua mkopo wa biashara watoto wake wanabaki shuleni, na kwamba kuna mfuko wa dharura wa kukopa haraka bila riba mavuno yanapoharibika au mtu anapougua. Kwa yale tuliyoyaona Kagera na Afrika Kusini, huo mfuko wa dharura unaweza kuwa na nguvu kuliko mtaji wenyewe.

Macho ya jirani

Kakao ya Côte d'Ivoire na Ghana imekuwa chini ya darubini ya dunia tangu 2001, pale kampuni za chokoleti zilipotia saini itifaki ya kuondoa aina mbaya kabisa za utumikishwaji wa watoto, itifaki iliyosukumwa na yule yule Harkin pamoja na mbunge Eliot Engel. Karibu miongo miwili baadaye, utafiti wa msimu wa 2018/19 ulikadiria kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa bado wakitumikishwa kwenye kilimo cha kakao katika maeneo yanayolimwa zao hilo kwenye nchi hizo mbili. Ahadi za makao makuu hazifiki shambani zenyewe.

Kinachofika ni mtu anayeishi pale. Mfumo ulioenea huko unamweka mwanajamii aliyefundishwa, ambaye hutembelea kaya, huzungumza na mzazi na mtoto, huangalia kazi zinazofanywa, na huandika. Mtoto akionekana anabeba mizigo mizito au anashika panga, kaya hupewa kile inachokosa: cheti cha kuzaliwa, sare na vifaa vya shule, au kikundi cha vijana wazima wanaofanya zile kazi za hatari kwa bei nafuu ili mzee asilazimike kumtumia mjukuu. Kisha hurudi tena, na tena. Marudio hayo ndiyo kazi yenyewe. Mtoto hutoka kazini mwezi huu akarudi msimu wa mavuno, akatoka tena. Ziara moja yenye picha nzuri haina maana yoyote.

Cheti cha kuzaliwa kinaweza kuonekana jambo dogo la ofisini. Bila hicho, katika nchi nyingi, mtoto hawezi kusajiliwa kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na hakuna anayeweza kuthibitisha mbele ya mwajiri au hakimu kwamba ana miaka 13 badala ya 18.

Kamati za ulinzi wa mtoto za kijiji au mtaa zina udhaifu wake na haufai kufichwa. Mara nyingine wajumbe wake ndio wenye mashamba yanayowatumia watoto. Mara nyingine ni watu wa kujitolea wasiolipwa hata nauli, na baada ya mwaka mmoja kamati inabaki kwenye karatasi. Na zikipewa rungu la faini, huwaangukia wajane kabla ya matajiri, na familia hujifunza kumficha mtoto mgeni anapopita. Kamati inayofaa huanza kwa kumuuliza mama nini kimetokea nyumbani. Rungu lake hulielekeza kwa anayefaidika na jasho la mtoto wa mwenzake.

Mtoto wa kazi za ndani ndiye anayehitaji jirani kuliko wote. Ameletwa kutoka mbali kwa ahadi ya kusomeshwa, hana ndugu karibu, hajulikani shuleni, na kuta za nyumba humficha mkaguzi asimwone. Anayemwona ni mtu wa nyumba ya pili: anamwona akianika nguo saa nne asubuhi siku ya shule, wakati watoto wa nyumba ile wako darasani. Kumpigia simu afisa ustawi wa jamii si umbea.

Sheria inapofaa, na mahali pake

India ilipitisha mwaka 1986 sheria ya kuzuia watoto wa chini ya miaka 14 kwenye kazi kadhaa. Wanauchumi walioichunguza baadaye walikuta kwamba kazi za watoto wa umri huo ziliongezeka. Waajiri, kwa kuogopa faini, waliwalipa watoto kidogo zaidi. Familia iliyohitaji kiasi kilekile cha fedha ikalazimika kumtoa mtoto kwa saa nyingi zaidi, au kumwongeza mdogo wake. Ni kisa cha Bangladesh kwa njia nyingine.

Hata hivyo ningemwogopa mtu anayetumia ushahidi huo kudai sheria haina kazi. Dhidi ya msafirishaji haramu, mwenye machimbo anayewashusha watoto shimoni, au tajiri anayeshikilia mtoto kwa deni la baba yake, hakuna posho wala semina itakayosaidia. Hapo wanahitajika polisi na mahakama, na mtoto anahitaji kuokolewa leo. Kosa ni kutumia chombo hicho hicho kwa mama anayelima na binti yake kwa sababu hana kibarua wa kumlipa.

Historia ya Uingereza inaonyesha namna sheria ilivyokuja kushika. Sheria ya viwanda ya 1833 ilikataza watoto wa chini ya miaka 9 kwenye viwanda vingi vya nguo, ikataka walio wakubwa kidogo wapate saa mbili za shule kila siku, na ikaajiri wakaguzi wanne kwa nchi nzima. Ilikwepwa kwa wingi. Elimu ya msingi ilifanywa ya lazima kote England na Wales mwaka 1880, karibu nusu karne baadaye. Elimu ya lazima ina faida moja ambayo katazo la kazi halina: ni rahisi kuikagua. Kujua kama mtoto anafanya kazi kunahitaji mtu azunguke mashamba na karakana zote. Kujua kama hayupo darasani kunahitaji mwalimu aite majina.

Ndiyo maana umri wa kumaliza elimu ya lazima na umri wa kuanza kazi havipaswi kuachana. Nchi ikimruhusu mtoto kumaliza shule akiwa na miaka 12 au 13 na kumkataza kazi hadi 15, imemweka kwenye miaka miwili au mitatu isiyo na mwenyewe, na kazi itakuja kumchukua. Kwa wenye miaka 15 hadi 17 jambo linabadilika: wanaruhusiwa kufanya kazi, kinachokatazwa ni hatari. Kijana wa miaka 16 kwenye karakana ya uchomeleaji anaweza kubaki pale kama mwanagenzi, akiwa na miwani ya kinga, saa zenye kikomo, fundi anayemfundisha kweli na cheti mwishoni. Kumfukuza kungekuwa kurudia kosa lile la Bangladesh la 1993.

Linabaki suala la nani analipa, na kwa muda gani. Mradi wa kawaida hudumu miaka miwili au mitatu. Mtoto aliyetolewa kazini akiwa na miaka 9 anahitaji miaka sita ili afike 15. Kwa hiyo kamati, posho na mwalimu wa madarasa ya mpito vinapaswa kuwa kwenye bajeti ya serikali ya eneo tangu mwaka wa kwanza, hata kama fungu lenyewe ni dogo na mfadhili anaziba pengo. Daftari la watoto wanaofuatiliwa likae kwenye ofisi ya kijiji au mtaa na nakala yake kwa mwalimu mkuu, mradi ukifungwa libaki hapo hapo. Anayetembelea kaya alipwe, na orodha yake ilinganishwe na ya mahudhurio kila mwisho wa mwezi. Jina likikosekana wiki mbili mfululizo, mtu aende nyumbani kuuliza kabla ya wiki ya tatu kuanza.